Waliolala Ukutani

Wahenga hawakutuambia tusimwamshe simba, wala nyoka, wala mfalme. Walisema aliyelala, basi, wakanyamaza, kwa sababu mara nyingi anayelala hatumjui ni nani. Mtu humpuuza kwa kuwa hamwoni wala hamsikii, akaja kumjua siku ambayo majuto hayamfai. Yaliyomkuta Shaibu wa Naipingo mwaka 1951 ni ushahidi wa kutosha.

Upande wa chini wa kijiji kimoja karibu na Nanganga palikuwa na kinamasi. Wakati wa masika kilijaa maji ya rangi ya chai, mayungiyungi meupe yakatanda juu yake kama vitambaa vya arusi, na katikati ya matete yangeyange wakasimama kwa mguu mmoja, kimya, kama watu wanaosikiliza hotuba. Ifikapo Oktoba hapakubaki kitu. Matete yalikauka yakawa yanalia kama karatasi, na tope likapasuka kama mgongo wa mamba. Mgeni akipita angeapa kwamba pale hapana kiumbe hai.

Shaibu alikuwa mgeni. Alikuwa amefanya uashi miaka miwili katika kambi ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga huko Nachingwea, akatoka huko na kofia ya turubai na pimamaji, kile kifaa chenye kitone cha hewa kinachokaa katikati ukuta ukinyooka. Alimposa Ashura, msichana wa kijiji hicho. Kwa desturi ya huko mume ndiye anayehamia kwao mke, na hujenga nyumba kabla ya kuoa. Mzee Kasmiri, mjomba wa Ashura na msemaji wa ukoo, alimpa sharti moja: mvua ya kwanza ikute nyumba imeezekwa. La sivyo posa itarudishwa, na yuko kijana wa Nambilanje aliyekuwa akingoja kama kunguru juu ya jalala.

Shaibu alichelewa kuachiwa kazini. Alipofika zilibaki wiki tano.

Watu wa pale hufyatua matofali kwa jasho. Udongo huchimbwa, hutiwa maji, hukanyagwa kwa miguu siku mbili tatu mpaka ulainike, ndipo ujazwe kwenye kibao cha kufyatulia. Shaibu alipiga hesabu akaona kukanyaga peke yake kungekula nusu ya muda wake. Akashuka kinamasini na jembe na panga, akaanza kukata lile tope kavu vipande vya mraba, kama mtu akataye mkate wa kumimina. Vilitoka vigumu na vizito, na roho yake ikafurahi.

Siku ya pili alimkuta huko Bibi Mwanaima, nyanya yake Ashura, aliyekuwa akikivua kinamasi kile tangu usichana wake. Bibi na mume wa mjukuu ni watani, kwa hiyo alimwita mume wake. Alipiga magoti, akaingiza kidole katika kitundu kidogo kwenye tope.

"Mume wangu, unaviona vitundu hivi? Ni pua za watu. Humu wamelala kambare mamba, samaki wavutao hewa, wamejikunja, wanangoja mvua. Kakate kule kwenye vichuguu."

"Mke wangu," Shaibu alijibu bila kuinua kichwa, "Nachingwea nimeona tingatinga likifukua msitu mzima, na hakuna aliyetoka kulalamika. Leo wewe unanitisha kwa samaki wasio na maji?"

"Basi ukanyage udongo wako. Ukiukanyaga utawakuta."

"Waliolala waache walale. Mimi nina arusi."

Bibi alimwambia kwamba asiyewaacha ni yeye Shaibu, akajitwika kikapu chake, akaenda zake.

Kuta zilipanda kama uyoga baada ya mvua. Shaibu aliweka pimamaji kila mstari, na kila mara kitone kilikaa katikati. Nyasi za paa zilipofungwa, Mzee Kasmiri aliizunguka nyumba mara mbili, akaisukuma kwa bega, akatamka kwamba ndoa itafungwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Watu walimsifu fundi mpaka akaona haya. Bibi Mwanaima peke yake alitega sikio ukutani, akakaa hivyo kitambo, kisha akakataa kuingia ndani.

Ijumaa hiyo mvua ilishuka wageni wakiwa wamekwisha kuketi mkekani. Ilikuja kwa upande, ikaupiga ukuta wa mlangoni bila huruma. Wageni walicheka, na Mzee Kasmiri akakiri kwamba kijana ameishinda mvua kwa unywele. Alimshika Shaibu mkono, akamwoza Ashura. Shehe akamgeukia Shaibu, naye akafungua kinywa aseme amekubali.

Ukuta ulikoroma.

Ilikuwa sauti nzito ya kooni, kama ya mzee aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi. Mkoromo wa pili ulijibu kutoka pembeni. Kisha bonge la udongo lilidondoka ndani ya sinia la halua, na katika tundu lililobaki kikatokea kichwa bapa, chenye utelezi na macho madogo. Kikafungua kinywa, kikavuta pumzi.

Samaki, ndani ya ukuta, anapumua kama mtu. Hakuna aliyekimbia. Mzee Kasmiri alibaki ameushika mkono wa Shaibu. Samaki alipomwangukia mzee mapajani ndipo watu walipotoka mbio, shehe akiwa mbele.

Shaibu hakutoka. Aliuegemea ukuta kwa mgongo ili auzuie. Lakini matundu walimolala samaki yalikuwa yamejaa maji, na matofali yale mazuri yalikuwa na uwazi ndani kama maandazi. Ukuta ulishuka wote, ukamvunja mguu.

Watu walirudi, wakamfukua. Kwenye tope, kambare mamba saba walikuwa wakijiburura kuelekea kinamasini, na Bibi Mwanaima aliwaokota waliopotea njia, akawatia chunguni.

Mzee Kasmiri hakumgombeza. Alisema sharti lilikuwa mvua ya kwanza ikute nyumba, nayo haikukuta nyumba, ilikuta tope lililoezekwa. Posa ikarudi Naipingo. Ashura akaolewa Nambilanje. Kabla ya kwenda alipita kibandani kwa bibi yake, alikolazwa Shaibu na mguu uliofungwa vijiti, akamwekea pimamaji kando ya mto wa kulalia. Alikuwa ameiokota kwenye kifusi.

"Kitone chako bado kiko katikati," alimwambia, akatoka.

Masika nzima Shaibu alilala chali mkekani. Usiku na mchana alikisikia kinamasi kikiwa macho, vyura wakiimba na samaki wakichupa majini, naye hawezi hata kugeuka ubavu. Ndipo wahenga walipomaliza kesi: usimwamshe aliyelala; ukimwamsha, utalala wewe.