Kiboko Alipoyasifu Mabomba ya Mama Nungu

— Paukwa!
— Pakawa!
— Ti, ti, ti!
— Nani analia?
— Bomba!
— Linamlilia nani?
— Fundi!
— Basi sogeeni karibu, mwenye mtoto ampakate, nimlete huyo fundi.

Hapo kale alikuwako Nungunungu mmoja, mama wa watoto wadogo, na wote walimwita Mama Nungu. Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima. Juu ya kilima palikuwa na tangi, na kutoka tangini mabomba ya chuma yalipita chini ya ardhi mpaka uani kwake. Akifungua koki, shwaaa! Watoto wanaoga, sufuria zinaoshwa, shamba la viazi vitamu linamwagiliwa. Viazi hivyo ndivyo vilikuwa chakula chao cha kiangazi kizima. Baba wa watoto hakuwapo tena, na shamba lingine hakuwa nalo.

Sasa, karibu na ukuta palikuwa na kiungo kimoja cha mabomba kinachovuja. Ti, ti, ti. Pakafanyika kidimbwi, na kidimbwini akahamia Chura. Mama Nungu hakumfukuza. Kila akipita pale alilaza miiba yake polepole, asije akamchoma mwenziwe. Na Chura naye, watoto wakianza kulia jioni, aliwaimbia mpaka wakasinzia.

Siku moja ile ti, ti, ti ikageuka pwaaa! Kiungo kimeachia. Mama Nungu akafungua koki: kimya. Akamwita Fundi Kiboko.

Kiboko akaja, spana begani, tumbo mbele. Akagonga bomba, ng'o! Akatega sikio. Akatikisa kichwa.

"Shemeji, yameoza."

"Yapi, fundi wangu?"

"Yote yameoza! Fukua, tupa, weka mapya!"

"Hata ya kule juu? Mbona hujafika?"

"Nifike kufanya nini? Nimeyasikia kwa sikio. Yote yameoza! Fukua, tupa, weka mapya!"

"Na gharama yake?"

Kiboko akalitazama shamba. Akameza mate, gubu! "Viazi."

"Debe?"

"Shamba. Na chakula cha mchana juu yako, fundi hafanyi kazi na njaa." Kisha akalainisha sauti. "Ila kwa kuwa una watoto, nakuhurumia. Haya mabomba ya zamani nitayabeba mwenyewe nikayatupe. Bure kabisa."

Mama Nungu akaona huo ni wema. "Asante, fundi," akasema, tena kwa moyo.

Kiboko akaanza kufukua. Kwaa, kwaa, akala. Kwaa, kwaa, akala tena. Jua lilipoelekea kushuka, mabomba yote yalikuwa juu, yamepangwa langoni.

"Kesho chimba viazi," akasema. "Nikishaviona ndipo nilete mapya." Akaenda zake, gudu, gudu, gudu.

Mama Nungu akafunga wachanga mgongoni, miiba kaifunika kwa gunia, akaenda mtoni kuteka maji. Aliporudi alikaa kando ya shamba, akashika jani moja la kiazi, machozi yakamtoka. Akichimba, watoto watakula nini? Asipochimba, watakunywa nini?

Chura alimsikia. Kidimbwi chake kilikuwa kimeanza kukauka, lakini hakukitaja.

"Shoga," akasema, "hebu yaangalie yale mabomba. Fundi kayafuta udongo. Kayapanga marefu kwa marefu, mafupi kwa mafupi. Kayafunika majani yasinyeshewe. Mimi kitu cha kutupa sijawahi kukifunika."

Mama Nungu akatazama. Kweli, yamefunikwa.

"Mimi ni mpole, shoga. Siwezi kugombana na yule."

"Nani kakwambia ugombane? Kesho wewe kaa hapo kwenye koki na ndoo yako. Mengine niachie."

Asubuhi Kiboko alipokaribia lango akasikia mtu ananadi juu ya kichuguu. Alikuwa Chura, kajifunga jani la mgomba kama koti. Kiboko hakumjua, maana maisha yake yote hakuwahi kutazama chini.

"Nanunua mabomba kuukuuu! Bomba moja, tikiti maji mojaaa!"

Gubu! Kiboko akakimbia. "Dalali! Dalali, njoo! Haya hapa!"

"Ya nani?"

"Yangu! Fundi aliyeyafukua ndiye mwenyewe, au hujui kazi?"

"Mmh. Nimesikia yameoza."

"Yameoza? Nani kasema?" Akaligonga moja, ng'ooong! "Sikia hiyo! Yote mazima! Safi, imara, kama mapya!"

"Kutu je?"

"Kutu utaisikia kwa jirani! Yote mazima! Safi, imara, kama mapya!"

Majirani wakaanza kujaa ukutani. Mama Nungu alikuwa kwenye koki, kashika ndoo yake.

Chura akakuna kidevu. "Tatizo ni tajiri wangu. Hanunui bomba kavu. Anataka alione likipita maji."

"Hilo tu?" Kiboko akayaunga mabomba, kutoka tangini mpaka uani. Jasho, churu, churu.

"Pale ukutani naona machozi," akasema Chura.

Ti, ti, ti. Kiboko akafungua kile kiungo, akakizungushia nyuzi mpya za katani, akakaza kwa spana, kriii! Kimya.

"Sawa. Lakini yakiwa juu ya ardhi kila bomba linajitia uzima. Tajiri wangu atauliza, je, yanahimili udongo?"

"Yanahimili hata mimi!" Kiboko akayafukia yote. Akapita juu yake, gudu, gudu, akarudi, gudu, gudu, mpaka ardhi ikawa kama sakafu.

"Fungua, mama," akasema Chura.

Mama Nungu akafungua. Shwaaaa! Maji yakagonga ndoo, watoto wakapiga makofi.

"Fundi, useme mbele ya watu. Yameoza?"

"Mazima!" Kiboko akanguruma. "Hata wajukuu wa tajiri wako watayatumia!"

"Mama Nungu umesikia? Majirani mmesikia? Basi hakuna cha kubadilisha, wala cha kulipia."

Kiboko akaacha mdomo wazi. "Na... na tajiri wako?"

"Ndiye huyo mwenye ndoo."

Ukutani kicheko kikalipuka. Kiboko akainua mguu amkanyage Chura, na hapo Mama Nungu, yule mpole, akajikuta amesimama katikati. Kacha-kacha-kacha! Miiba yote ikasimama wima.

"Fundi," akasema, na sauti ilimtetemeka, "huyu ni jirani yangu."

Kiboko akashusha mguu taratibu, akautafutia mahali pengine pa kuuweka.

Mama Nungu akalaza miiba. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya viazi vya kuchemsha. "Kula kwanza. Umefanya kazi tangu asubuhi."

"Shoga, na huyu unampa?" Chura akachukia.

"Amekaza kiungo vizuri," akajibu Mama Nungu.

Kiboko akala, akatazama chini kwa mara ya kwanza. Na Mama Nungu alipogeuka akaona kidimbwi kimekauka, Chura amesimama juu ya tope lililopasuka. Akatafuta chungu kilichovunjika mdomo, akakiweka chini ya koki, akakijaza. Chura akaruka, chubwi!

Funzo lake, wanangu: mdogo asiingilie maneno ya wakubwa. Dalali si mtu wa kuaminiwa. Na fundi akikwambia mabomba yote yameoza, mwitikie tu, "Ndiyo, fundi," mwache afukue. Kazi ya kufukia nayo ni yake.

Na hadithi imefika bombani. Anayenawa anawe, anayekunywa anywe, wa mwisho afunge koki.