Nepi Iliyolala Nje

Nepi iliyolala nje haiingii ndani peke yake. Methali hii ilizaliwa nyumbani kwangu, kwa ujinga wangu. Mtoto wangu wa siku kumi na mbili alitokwa na majipu, na majipu hayo yalikuwa yanapumua.

Mmeisikia sasa hivi kwa Tabu, mtoto mwenyewe, alipowakuta mnaingia ndani na nepi za kichanga cha dada yenu zimebaki kambani, jua linazama. Mkacheka. Wewe Mbelwa ukaniuliza, "Baba mkubwa, kwani nepi ina miguu?" Kaa hapo nikujibu. Riziki, wewe endelea kuanua huku unasikiliza.

Kabla ya Tabu nilizika watoto wawili. Wa kwanza siku ya tisa, wa pili siku ya thelathini na moja. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Na hapa Kwemhosi, asipopatikana wa kueleza, watu husema ni jicho. Mtu amepita, ameona nepi kwenye kamba, amezihesabu, amejua ndani kuna mtoto mzima, na moyo wake ukauma. Basi, mtoto amekwenda. Mimi niliamini hivyo kabisa.

Mke wangu Mwanjaa alipojifungua wa tatu tukamwita Tabu, ili asitamaniwe. Nikaona jina halitoshi. Nikamwita kando dada yangu Mwantumu, aliyekuja kumlea mzazi na kumfulia mpaka arobaini iishe. Nepi zilikuwa kumi na nane, vipande vya mraba vya kitambaa cha marekani, nilivyokata mwenyewe kwa mkasi. Nepi zile hazikuwa na vifungo. Unakunja pembetatu, unapitisha katikati ya miguu, unapiga pini.

"Usianike mbele," nikamwambia. "Anika nyuma ya choo, kwenye migomba. Mtu asione hata moja."

"Kaka, kule jua haliingii."

"Jua haliingii, na macho hayaingii."

"Na pasi je? Yetu imetoboka chini. Nikaazime kwa jirani?"

"Ukaazime pasi ya mkaa unyooshe nini, gauni la harusi? Watajua ni nepi. Zikikauka inatosha."

Ilikuwa masika. Kule nyuma, nepi iliyoanikwa asubuhi ilikuwa bado mbichi jioni. Mama zetu walikataza nguo ya mtoto kukutwa na giza nje, nasi tulilijua hilo. Lakini huwezi kumfunga mtoto nepi mbichi. Zikalala. Mwantumu alizianua alfajiri, zina baridi, zinanuka udongo.

Siku ya nane akaja mkunga, Bi Mwanakombo, yule yule aliyemzalisha mke wangu. Akasimama uani akatazama kamba ya mbele.

"Mbona kamba tupu? Nepi za mjukuu wangu mnaanika wapi?"

Nikajiuliza moyoni. Mtu mwema anaulizia nepi za nini?

"Kitovu kimeshadondoka, bibi. Tutakuita."

"Nimeuliza nepi, sikuuliza kitovu."

"Tutakuita, nimesema."

Akaniangalia, akachukua mwavuli wake, akaenda zake.

Siku ya kumi na mbili majipu yakatokea. Matatu kiunoni, mawili pajani, na kila moja lina kitundu kidogo juu, kama limechomwa sindano. Mtoto akawa na kilio cha ajabu. Ukimvua nepi ananyamaza, ukimfunga anapiga ukelele. Mwanjaa akaweka kidole juu ya jipu moja, akakiondoa upesi.

"Baba Tabu. Kimenisukuma."

"Nini?"

"Sijui. Kimo ndani. Nimekigusa, nacho kikanigusa."

Nikambeba mtoto mpaka dirishani penye mwanga, nikainama. Ndani ya kile kitundu kulikuwa na tone la maji. Linapanda, linashuka. Linapanda, linashuka. Nikatazama kifua cha mtoto. Kifua kilikuwa na mwendo wake, na jipu lilikuwa na mwendo mwingine.

Nikasema hii ni kazi ya yule bibi, tena nikasema kwa sauti, mbele ya watu watatu. Kisha nikachukua panga, nikawa nashinda kule nyuma ya choo nikimsubiri anayekuja kuzifanyia nepi zangu mambo.

Hakuja mtu. Mle migombani mwanga ulikuwa wa kijani na hakuna ndege aliyelia. Nepi zilining'inia wima, hazitikisiki, kama watoto waliopangwa mstari wakaambiwa wasiseme. Kulikuwa na nzi tu, wakubwa, wa njano. Hawakuvuma. Mmoja alitua, akatembea polepole mpaka kwenye pindo lililokuwa bado bichi, akasimama pale kitambo kama mtu anayefikiri, akaondoka. Akaja mwingine. Mmoja akatua kwenye panga langu nikampuliza. Nilikuwa namvizia mtu. Nzi sikumhesabu.

Siku ya kumi na nane majipu yalikuwa yamefika kumi na tisa. Mtoto alikuwa wa moto kama kikaango, na mguu wa kushoto hauchezi. Nikamkuta Mwanjaa amesimama mlangoni, amejitanda kanga, mtoto kifuani.

"Unakwenda wapi? Arobaini haijaisha."

"Wale wawili nilikaa nao ndani kama ulivyotaka, wakatoka wamebebwa. Huyu nitamtoa mwenyewe."

"Kwa yule mchawi?"

"Kwa yeyote atakayemtazama. Wewe unatazama watu. Mtoto humtazami."

Nikamfuata nyuma, panga mkononi, sijui la nini.

Tulipofika kwake, Bi Mwanakombo hakunisalimia. Alimlaza mtoto mkekani, akampaka mafuta mazito juu ya kila kitundu mpaka vyote vikazibika.

"Sasa tusubiri," akasema. "Chenye pumzi kitatafuta hewa."

Tukasubiri. Mafuta ya jipu la kwanza yakatikisika. Kikatoka kitu cheupe, kama ncha ya uzi, kikapapasa upande huu, kikapapasa upande ule, kikarudi ndani. Mwanjaa akafunga macho. Bibi akabana kwa vidole gumba viwili, akakitoa, akakiweka juu ya kifuniko cha kopo mbele yangu. Funza, mnene kama punje ya mchele. Akaanza kutambaa kuja upande wangu.

"Huyo ndiye mchawi wako. Mkate na hilo panga."

Nikaliweka panga chini.

"Mama yake ni nzi wa njano," akaendelea, vidole vinabana. "Hutaga kwenye kitambaa kibichi kilichokaa kivulini. Yai hulioni. Jua kali linaliua, pasi ya moto inaliua. Ndiyo maana nikauliza mnaanika wapi."

"Bibi, si ungeniambia?"

"Ningekuambia nikiwa wapi? Mlango si uliuziba wewe? Nepi iliyolala nje haiingii ndani peke yake, mwanangu. Mimi umenifukuza. Mgeni mwenyewe umemwingiza kwa mkono wako, ukamkunja pembetatu, ukampiga pini."

Alipomtoa wa mwisho akaushika ule mguu wa kushoto, akaninyooshea kidole. "Hii si kazi yangu tena. Hospitali, sasa hivi. Usipite nyumbani."

Hospitali walisema uchafu wa majipu umeingia kwenye kiungo cha nyonga. Wakaniuliza yalianza lini. Nikasema. Daktari akaandika, hakuniangalia.

Wale wawili wa kwanza, mpaka leo sijui kilichowaua. Bi Mwanakombo nilimwomba radhi. Alinipa, lakini nyumbani kwangu hakukanyaga tena mpaka alipokufa.

Mbelwa, uliuliza kama nepi ina miguu. Haina. Hubebwa na wewe, pamoja na chote kilichoketi juu yake. Nepi iliyolala nje haiingii ndani peke yake.

Yule pale Tabu anapanda ngazi. Mtazameni. Nepi kumi na nane nilizichoma moto. Funza walikuwa kumi na tisa, na makovu ni kumi na tisa. Siku sita nilimvizia mtu ambaye hakuja. Miaka mitatu ilipita kabla hajatembea. Na mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa vidole vitatu.