Jina la Mtoto wa Mpangaji

Ko! Ko! Ko! Usiku wa manane, pete za Bi Shemsa, mwenye nyumba, ziligonga mlango wa Saumu, mpangaji wake. Saumu alikurupuka na kichanga chake kifuani, akafungua.

"Eti kesho mwanao anapewa jina Arabela? Jina la mjukuu wangu! Muuza vitumbua na Arabela wapi na wapi? Badilisha, ama hama!"

"Nibadilishe niweke lipi, bibi? Mie naogopa, nitakosea tena, nichagulie wewe!"

"Mwite Tabu. Ndiyo majina yenu."

"Ahsante, bibi! Kesho nawatangazia watu, jina kapewa na Bi Shemsa. Na mtoa jina ndiye mchinja mbuzi wa akika, ndiye bibi wa mtoto, kwa hiyo kila Idi namleta kwako, ale sinia moja na Arabela, watu waone ukoo."

Bi Shemsa alirudi nyuma hatua moja.

"Ukoo na Tabu? Koma! Mwite hiyo Arabela yako! Ila usimwambie mtu kuwa nilimpa jina."

Ng'ambo ya ukuta usiofika darini, wapangaji wenzake Saumu, waliosikia yote, walikuwa wakibana vicheko.

"Naapa, bibi," alisema Saumu, "simwambii mtu mwingine."