Sharubu za Baba Mkwe

Katika safu ya vibanda vilivyopakana ukuta kwa ukuta, hapakuwa na kibanda kilichojaa wateja kama cha kinyozi aliyebandikwa jina la Wembe. Mikono yake ilikuwa myepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Watu walisema angeweza kumnyoa chui na chui akashukuru. Lakini mwaka wa pili sasa, Wembe alikuwa na siri. Kila alipofumba jicho la kushoto, nusu ya kioo ilimezwa na ukungu. Na siku hizi hata hilo la kushoto lilikuwa limeanza kufuata nyayo za mwenzake.

Hakumwambia mtu. "Nani atamkabidhi koo lake kinyozi asiyeona?" alijiuliza, akaufyata ulimi. Alipogonga mwimo wa mlango, alimlaumu seremala. Alipoangusha kikombe, alimlaumu aliyekiweka hapo. Kazini alijizoeza kugeuza kichwa huku na huku kama kuku anayekagua punje, na wateja wakamsifu: "Mwoneni fundi anavyopima!"

Mkewe ndiye ambaye hakudanganyika.

"Baba watoto, huu mlango umeugonga mara sita mwezi huu. Twende ukapimwe macho."

"Macho yangu mimi? Chukua gazeti, simama kule jikoni, uone nitakavyosoma mpaka herufi za ukubwa wa sisimizi."

Akasoma kweli, neno kwa neno, bila kubabaika. Kisha akainuka kwa maringo, akajikwaa kwenye kigoda na kupiga magoti kama mtu anayeposa upya.

"Kigoda je, mbona hukukisoma?" mkewe akauliza.

Wembe akacheka kicheko kikavu, akaenda zake kazini.

Jumamosi moja asubuhi baba mkwe akaja kibandani, ameongozana na binti yake, mke wa Wembe. Mzee huyo alikuwa refa mstaafu wa kandanda, na usoni alibeba sharubu nene kama ufagio, alizozilea kwa miaka thelathini. Alasiri hiyo yeye na mkewe walikuwa wapigwe picha ya kutimiza miaka hamsini ya ndoa.

"Mkwe wangu, ninyoe ndevu za mashavuni tu," aliagiza. "Sharubu usiziguse. Na nikizungumza na wewe, nitazame machoni. Sipendi mtu anayepepesa macho kama kinyonga."

Hapo ndipo Wembe alipopatikana. Adabu ilimkataza kugeuza kichwa. Akakaza macho yake katika macho ya mzee, akiitikia "Naam, baba," na "Kweli kabisa, baba," huku mkono wenye mashine ukitembea chini, mahali ambapo kwake palikuwa ukungu mtupu. Mashine ikanguruma. Kitu kama panya mweusi kikaanguka kwenye mapaja ya mzee.

Mzee akakitazama, akajitazama kwenye kioo, kisha akapiga yowe lililomtoa fundi viatu wa jirani mbio na nyundo mkononi, akidhani wamevamiwa. Mlango ukajaa watu. Nusu ya sharubu ilikuwa mahali pake, na nusu ya pili imehama.

"Mashine imeteleza, baba," Wembe alisema, jasho likimtiririka.

"Mashine haina macho, wewe unayo. Nitazame puani. Usiyageuze macho!" Mzee akanyakua taulo kubwa jekundu na kulipunga hewani, kando ya uso wa mkwewe. "Nimeinua nini?"

"Hujainua kitu, baba."

Watu mlangoni wakaangua kicheko. Mzee akalisogeza taulo karibu zaidi. "Na sasa?"

"Baba, unanitania. Bado hujainua kitu."

Watu wakaacha kucheka, mmoja mmoja. Mzee akalishusha taulo taratibu.

"Miaka ishirini uwanjani nimeitwa kipofu," alisema, sauti imelegea. "Kumbe nilikuwa sijakutana naye. Mwanangu, vaa viatu. Tunakwenda sasa hivi."

Walikwenda watatu, mzee na sharubu yake ya upande mmoja, asijali waliomcheka njiani. Katika kliniki ya macho, Wembe aliusoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho, akaongeza na jina la kiwanda kilichouchapa. Daktari, mama mmoja mpole, akatabasamu.

"Katikati unaona vizuri. Sasa weka kidevu hapa, paji la uso liguse hapa, usipepese."

Mwanga ukamulika pwaa! Mara kwenye kompyuta ikatokea picha ya nyuma ya jicho, nyekundu kama jua la kuzama, mishipa ya damu imetambaa kama mizizi, na duara jeupe kando.

"Hapa ndipo mshipa wa kuonea unapotokea," daktari alieleza. "Hilo duara ni kama sahani, na katikati yake pana kikombe. Kwa kawaida kikombe ni kidogo. Chako kimeimeza sahani karibu yote."

Alimpima shinikizo la macho, akamkalisha mbele ya mashine ya kubonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Nukta nyingi zilipita, kitufe kimetulia. Majibu yote yakasema neno moja: glakoma, ile watu waiitayo presha ya macho.

"Lakini hayajawahi kuniuma, daktari!"

"Mwizi huyu hapigi hodi. Alichokwisha kuiba hakirudi. Kilichobaki tutakilinda kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yako yote. Ulianza kuona ukungu lini?"

Wembe alimtazama mkewe, akainamisha kichwa. "Mwaka wa pili huu."

Mkewe hakumsuta. Alimshika mkono tu, akaufinya mpaka ukauma.

Alasiri ile mzee alipigwa picha bila sharubu hata moja, na mkewe akacheka akisema leo ndipo ameujua mdomo uliomwoa. Wembe naye aliufungua wake. Aliwaeleza wateja wote ukweli. Wengine walihama. Waliobaki walikubali anyoe akigeuza kichwa atakavyo, taratibu, chini ya taa kubwa. Nusu ya kioo haijarudi mpaka leo. Angesema mwaka wa kwanza angeokoa mengi, lakini alingoja mpaka mzee wa watu alipopiga yowe. Ndiyo maana husemwa, na hakuna wa kubisha: mficha maradhi, kilio humfichua.