Kisima cha Asilimia Mia

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko chakula... sogeeni basi! Wewe unayetafuna muwa, ama umeze ama uteme, maana mimi nikishaanza sirudii.

Wanyama walikuwa na Baraza lao la Madiwani. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, mkubwa wa tumbo na mkubwa wa sauti. Ukumbi wa Baraza aliujenga ukingoni mwa mto, ili akisikia joto ajitose, chubwi! kisha arudi kuongoza kikao huku anachuruzika. Mweka hazina alikuwa Fisi. Msicheke. Ndiyo, Fisi, hata mimi nilishangaa nilipohadithiwa.

Madiwani wote walikuwa upande wa Kiboko, isipokuwa mmoja tu: Pimbi, diwani wa kata ya Majabalini. Pimbi mnamjua? Kanyama ka mawe, kafupi, hakana hata mkia. Kila akitaka kusema, Kiboko humwambia, "Simama tukuone!"

"Nimesimama, Mheshimiwa."

"Aa! Basi kaa chini."

Na ukumbi mzima ukacheka, kwa kwa kwa!

Lakini Pimbi hakutafuta kuonekana. Alitafuta maji. Kule Majabalini hakukuwa na hata tone. Watu wake walishuka mtoni alfajiri, wakapanda kurudi jua likiwa utosini. Mwaka mmoja Mamba alimdaka Mama Digidigi mguu akiwa anachota. Aliponea chupuchupu, lakini tangu siku hiyo akawa anachechemea na ndoo yake, na watoto wake wanne wakawa wanaoga kwa zamu, mmoja kila wiki. Pimbi akimwona anapanda mlima ule, moyo ulimuuma kwelikweli.

Miaka mitatu alidai kisima. Kila mwaka Kiboko aliuliza, "Wanaoafiki waseme ndiyo?"

"Ndiyo," anasema Pimbi peke yake.

"Wasioafiki waseme siyo?"

"Siyooo!"

Mwaka wa nne ikasomwa ripoti ya maendeleo. Fisi akasafisha koo, khm khm, akasoma mbio mbio kama anayekimbizwa: "Bwawa la kupumzikia Mwenyekiti, limepanuliwa. Kisima cha Majabalini, kina cha twiga wawili, kimekamilika asilimia mia moja. Ahsanteni."

He! Kisima gani? Pimbi asubuhi ile ile ametoka kwake, na hakuona hata shimo la panya. Akafungua mdomo apige kelele, halafu akaufunga. Kelele alikuwa amezipiga miaka mitatu, zilimsaidia nini? Akafikiri, akainua mkono.

"Simama tukuone!"

"Nimesimama, Mheshimiwa. Nina hoja ya pongezi."

Kiboko akatega masikio. "Pongezi? Wewe?"

"Mimi. Umetuchimbia kisima, nami nimekaa hapa kulalamika kama mgonjwa wa jino. Naomba radhi mbele ya waheshimiwa wote. Naomba Jumamosi Baraza zima lije Majabalini, Mwenyekiti azindue kisima chake. Ila iandikwe kwenye muhtasari kwamba tutafuata mila yetu ya Majabalini. Wageni hunywa kwanza, mwenye shughuli, yaani Mwenyekiti, hunywa mwisho, na mwenye shughuli haondoki mpaka amekunywa. Akiondoka na kiu, ameondoka na mkosi."

Fisi akamnong'oneza Kiboko. "Mheshimiwa, hapa pana namna."

Wapi! Kiboko alikuwa ameshavimba kwa sifa, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. "Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

Fisi akasema siyo, lakini moyoni.

Walipotoka nje tu, Fisi akamkamata Kiboko mkono. "Mheshimiwa, kile kisima hakipo!"

"Nani asiyejua? Ulidhani bwawa langu limepanuka kwa dua?"

"Sasa itakuwaje?"

"Chimba shimo, mwaga mapipa matatu ya maji, zungushia mawe, funga utepe. Nani atapima?"

Ijumaa Fisi akaenda Majabalini na koleo lake. Kwa kuwa hapendi jua, akatafuta kivuli, akakipata chini ya mkuyu mmoja wenye majani mabichi. Akachimba, ko! ko! ko! Shimo lilipofika magotini mgongo ukamuuma, akaacha. Chini palikuwa na udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo alipomwaga mapipa yake matatu maji yakatulia, yakang'aa. Ukiyaona utasema kisima kweli.

Pimbi alikuwa juu ya jabali anaota jua, anamtazama tu.

"Pole na kazi, Mheshimiwa."

Fisi akaruka. "Aa, nasafisha kisima tu!"

"Safisha, ndugu yangu, safisha."

Moyoni Pimbi nusura apige vigelegele. Mkuyu ule hubaki na majani mabichi hata kiangazi kila kitu kikikauka, ishara kwamba chini pana maji, na miaka yote mitatu alikuwa akiliambia Baraza, chimbeni pale! Hakuna aliyemsikiliza. Leo Fisi ameanza kupachimba mwenyewe, kwa uvivu wake.

Basi akateremka jabali, mbio kwa Tembo. Enhe, mnashangaa? Pimbi na Tembo ni ndugu, waulizeni wanaojua mambo ya wanyama.

"Hodi, mjomba! Kesho kwetu kuna shughuli. Njoo na wakubwa wenzio wawili, mnywe maji ya kisima kipya."

"Mpwa wangu, sisi tukinywa tunamaliza."

"Kisima cha twiga wawili, mjomba, mtakimalizaje? Kimeandikwa kwenye kitabu cha Baraza."

"Kama kimeandikwa, tutakuja. Na kuanzia sasa hatunywi kitu, tuje na nafasi."

Jumamosi watu wakajaa. Kiboko akaja na tai shingoni, madiwani nyuma yake, ngoma mbele. Jukwaa lake Pimbi aliliweka juani katikati. "Ili watu wakuone vizuri, Mheshimiwa."

Kiboko akahutubia. Mnawajua wakubwa na kipaza sauti! Alihutubia maendeleo ya jana, ya leo na ya kesho kutwa, mpaka saa sita ikapita, mpaka ngozi yake ikaanza kukauka na kubana. Alipojikuna ikalia, krak! Akaona afupishe. Akakata utepe.

"Wageni karibuni mnywe!"

Tembo akasogea, akateremsha mkonga. Fyoooo! Wa pili akateremsha wake. Fyoooo! Wa tatu akavuta mara moja, akasikia krrr, krrr, akautoa mkonga umening'iniza kandambili.

Watu wote wakachungulia. Shimo la magotini, tope, basi.

"Hii kandambili ya nani?" akauliza Tembo.

Fisi akaficha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Oyaa! Twiga wawili ndio hawa?" watu wakapiga kelele. "Labda wamelala!"

Kiboko akakohoa. "Ni hitilafu ndogo ya kiufundi. Itaundwa kamati. Sasa naomba niwahi mtoni, kuna kikao..."

"Mheshimiwa!" Pimbi akapanda juu ya kiti. "Hujanywa. Iko kwenye muhtasari, na wewe mwenyewe uliipigisha kura."

Kiboko akageuka aondoke hivyo hivyo. Njiani wamesimama tembo watatu, na tembo mwenye kiu hasogei.

"Mimi tangu jana nimepata funda moja tu," akasema Tembo. "Nimeitwa kisimani. Kisima kiko wapi?"

Ngozi ya Kiboko, krak! tena krak! Mto uko kule bondeni unang'aa, na yeye hawezi kuufikia. Akalia kama mtoto, "Jamani, maji! Nakufa na kiu mie!"

"Pole sana, baba," akasema Mama Digidigi, wala hakumkejeli. "Hivyo hivyo ndivyo inavyokuwa."

"Maji yapo, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Yapo hapo hapo alipoanza Fisi. Yamebaki kuchimbwa tu."

Weee! Kiboko akang'oa tai, akaingia shimoni. Akachimba kwa meno, akachimba kwa miguu, gubu! gubu! Akafoka, "Fisi, koleo! Na nyinyi mliosema ndiyo, mnangoja nini? Ingieni!" Madiwani wakavua makoti, wakavuta udongo kwa ndoo. Baraza lile halijawahi kufanya kazi vile tangu liundwe. Saa tisa udongo ukalowa. Saa kumi, pwaaa! Maji yakaruka, yakamgonga Fisi usoni.

Vigelegele, we! Watoto wa Mama Digidigi wakaoga wote wanne siku moja.

Kiboko akataka kujitosa. Pimbi akaweka mkono. "Mila, Mheshimiwa. Mwenye shughuli mwisho."

Ikabidi apange foleni, mwenyekiti mzima, nyuma ya kila mtu, nyuma ya kobe. Akasubiri, akasubiri, akachoka. Akamuuliza Mama Digidigi, aliyekuwa anapita na ndoo yake imejaa, "Mama, kusubiri maji ndiko kuchungu namna hii siku zote?"

"Siku zote, Mheshimiwa. Leo hata ni nafuu, Mamba hayupo."

Kiboko akainamisha kichwa. Zamu yake ilipofika akanywa kibuyu kimoja, akakirudisha kwa mikono miwili, akasema ahsante. Na kikao kilichofuata, Pimbi alipoinua mkono, Kiboko alimwambia, "Sema, tunakusikia."

Ndiyo maana wahenga wa Majabalini walisema: akaaye majini hajui kiu, mweke juani ajue.

Mimi koo limenikauka. Wewe mwenye muwa, kanichotee maji, na usiniambie umechota asilimia mia kabla sijaiona ndoo.