Sheria ya Jani na Mbweu ya Simba

Haya, sogeeni. Wewe hapo, acha kuvuta nyuzi za mkeka wangu! Hii ni ya zamani, zamani za kale kabisa, wanyama walipokuwa wanajenga nyumba, wanafagia uwanja na kutunga sheria kama sisi. Kujenga waliweza. Kufagia waliweza. Kutunga sheria, mtajionea wenyewe.

Nchi yao ilikuwa na baraza la wazee watatu: Simba mwenyekiti, Tembo na Kifaru. Na walikuwa na desturi moja. Hawakunyoosha mikono kupitisha sheria. Walipiga mbweu. Anayetaka sheria alileta chakula, wazee wakala, kisha Simba akauliza, "Tumekubali?" Matumbo yakijibu bweeeu, sheria imepita.

Sasa niambieni, mwenye njaa atapitishaje sheria nchi kama hiyo? Ndiyo maana masikini hakuwahi kupitisha hata moja.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Pimbi. Kimo chake kama paka, mdomo wake kama soko. Alikaa na mama yake mzazi, kikongwe ambaye magoti yalikuwa yanamuuma mpaka analia. Nyuma ya nyumba alikuwa amepanda mashina machache ya bangi. Jioni alichemsha majani kidogo, mama akanywa, akalala. Wazee wengi pale kijijini walifanya hivyohivyo na hakuna aliyejali.

Aliyejali ni Fisi. Huyu alikuwa na kilabu cha pombe, na zamani wenye maumivu wote walikwenda kwake kulewa ili wasahau. Siku hizi hawaji. Wamelala makwao! Fisi akakasirika kweli. Akachinja, akapika pilau, akalipeleka barazani.

"Waheshimiwa," akasema huku akipakua, "jani lile linaharibu nchi. Anayelila anapigana na kivuli chake. Anamng'ata mama yake!"

"Ulimwona nani akimng'ata mama yake?" akauliza Tembo.

"Mzee, nikuongezee nyama?"

"Niongezee," akasema Tembo, na swali likaishia hapo.

Sheria ikasomwa: atakayekutwa na jani hilo, liwe mkononi, mdomoni au tumboni, nyumba yake ibomolewe na yeye avushwe mto, asirudi.

"Tumekubali?"

Bweeeu! Bweu! BWEEEEU! Hiyo ya mwisho ya Kifaru, kuku wakakimbia.

Kesho yake Nyati askari akasimama mlangoni kwa Bi Pimbi na nyundo begani. Nyati alikuwa na nguvu nyingi na akili ya kutekeleza amri tu.

"Mashina nimeyaona," akasema. "Baraza likikaa tena, natoka hapo nakuja kubomoa. Mama yako tutamvusha mto."

"Kwa magoti yale? Nyati, mwanangu, atafia kwenye maji!"

"Sheria haikutaja magoti."

Bi Pimbi akaingia ndani, akamkuta mama yake amekaa kitandani, amesikia yote.

"Yang'oe tu, mwanangu," akasema kikongwe. "Nitavumilia."

"Huwezi kuvumilia, mama. Unajua huwezi." Akatoka mbio hadi kwa Simba.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kuomba mama yangu aachiwe dawa yake."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta maombi."

Simba akachungulia nyuma yake, akachungulia pembeni. "Hakuna sufuria?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi nenda nayo, mama. Sijui nitayala na nini."

Akiwa njiani anarudi, machozi yanamtoka, akakutana na Kiboko, yule mwenye mashamba yote ya kando ya mto. "Usilie, dada," akasema Kiboko. "Mimi naipindua sheria hiyo. Nataka jani liruhusiwe."

"Eh! Mungu akubariki! Mama yangu atapata dawa?"

"Akinunua kwangu. Ataruhusiwa kulima mwenye shamba kubwa tu. Mimi nina shamba kubwa."

"Na mashina yangu ya nyuma ya nyumba?"

"Hayo yatang'olewa. Usalama, dada. Ubora."

"Na bei?"

Kiboko akaitaja. Lo! Bi Pimbi angeuza nyumba, kitanda na kanga aliyovaa, asingefikia robo.

Hapo machozi yakakauka. Huyu anataka mama afukuzwe, yule anataka mama akamuliwe. Akasimama njiani, akajikuna sikio, akacheka kidogo. Kisha akaenda kwa Fisi.

"Kaka, nasikia Kiboko naye anapikia baraza. Usiposhindana naye umekwisha. Nipe kazi jikoni, natwanga kisamvu vizuri."

Kumbe akatoka hapo akaenda kwa Kiboko na maneno yaleyale! Wote wawili wakamwajiri.

Siku ya baraza ikawa vita ya masufuria. Fisi analeta mbuzi, Kiboko analeta samaki. Fisi wali, Kiboko chapati. Katikati ikakaa sufuria kubwa ya kisamvu cha nazi, kimetwangwa mpaka hakitambuliki kama kilikuwa jani gani. Wazee wakakishambulia kwanza hicho. Chwap! Chwap! Wakalamba na mwiko.

Simba alikuwa anajifuta midomo aliposikia yowe.

"Uwiii! Jamani, majani ya mama yangu!" Bi Pimbi ameshika kichwa. "Mashina yamebaki matupu! Nani kayachuma? Na hiki kisamvu mlichokula, mbona kilikuwa kingi hivi?"

Nyati akakimbia kuangalia, akarudi anahema. "Kweli. Hakuna hata jani moja."

Wazee wakaangalia sufuria. Sufuria nyeupe.

"Mimi," akasema Tembo polepole, "masikio yangu yananong'onezana."

"Nyie, kivuli changu kinanitazama vibaya!" akapiga kelele Kifaru, akakiinamishia pembe.

Simba akaanza kucheka. Hi hi hi! Hajui anacheka nini. "Mwekeni mama yangu mbali," akasema, "nisije nikamng'ata!"

Nyati akanyanyua nyundo. Sheria anaijua kwa moyo. "Mkononi, mdomoni au tumboni," akasema. "Mwenyekiti, tunaanzia kwako? Ikulu ina kuta nene, nikianza sasa nitamaliza jioni."

"Ngoja, wewe!" Kicheko kikakatika. "Bi Pimbi, una mdomo, hebu sema kitu!"

"Mimi masikini, Mzee, sina sufuria."

"Sema!"

"Basi badilisheni sheria upesi. Kila mmoja aoteshe mashina yake nyuma ya nyumba, mwenye maumivu anywe, na aliyekwisha kulila asiguswe."

"Asiguswe! Sana! Tumekubali?"

Bweeeu! Bweu! BWEEEEU!

"Haiwezekani!" akalia Fisi. "Mbuzi ni wangu!"

"Samaki ni wangu!" akafoka Kiboko. "Shamba langu je?"

"Ndugu zangu, msigombane," akasema Bi Pimbi. "Chakula chenu, mbweu yangu. Asanteni kwa ukarimu."

Simba akamvuta pembeni, akanong'ona, "Hiki kichwa kitatulia lini?"

"Sasa hivi, Mzee. Ulikula mihogo. Majani ya mihogo na nazi, basi."

"Mihogo? Si ulisema—"

"Niliuliza tu. Mengine mmejijibu wenyewe. Majani ya mama yamo ndani ya godoro lake, kayalalia."

Simba akafungua mdomo angurume. Akamwona Kifaru bado anapigana na kivuli chake, kwa kushiba mihogo. Akaufunga. Angefutaje sheria, aseme amelewa kisamvu? Na mpaka ipikwe karamu nyingine, hakuna mbweu ya kuifuta.

Jioni ile mama alikunywa dawa yake, akanyoosha miguu, akalala kwake. Bi Pimbi akakaa kizingitini akimsikiliza anavyokoroma, akafurahi mno.

Lakini msipige makofi bado. Kabla jua halijazama vizuri, Fisi alionekana dukani anauliza bei ya mchele, na Kiboko yuko nyuma yake kwenye foleni.

Kwa hiyo wajukuu zangu, mkisikia sheria mpya, kabla ya kuuliza inasema nini, ulizeni siku ile nani alipika.