Nyayo za Mwenyekiti Nyati

Ngano!
— Ije!
Ije na nini?
— Ije na mvua!

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayesinzia pale, shauri yako, mimi sirudii.

Palikuwa na mbuga ikiitwa Nyasindefu. Jina tu! Nyasi zilikwisha kuliwa zamani, ardhi ngumu kama sakafu, upepo ukipita, vumbi fuuu! Mlaji mkuu alikuwa Nyati. Akiona jani, nyafu! Akiona chipukizi, nyafu! Na huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuokoa nyasi.

Mnacheka nini? Kwani nilimchagua mimi?

Bi Digidigi alikuwa na mtoto mmoja, Tunu. Maziwa yalikuwa yamemkauka mama mtu, na Tunu akisimama, magoti yanagongana. Mvua za mwaka ule nazo zikipita bure, Tunu hamalizi kiangazi. Bi Digidigi alilijua hilo, akaogopa sana.

Ikaja habari: wanyama wa nchi zote watakutana Nyasindefu mvua zikiisha. Ngamia akatangulia kutoka jangwani, manyoya yamenasa mbegu za nyasi za kila nchi aliyopita. Bi Digidigi akaziona zile mbegu. Akamnong'oneza Ngamia jambo, Ngamia akacheka mpaka akapaliwa.

Kisha Bi Digidigi akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umeniletea jani?"

"Nimekuletea habari. Wageni wanakuja kumchagua Mkubwa wa Wakubwa. Hawatazami pembe, wanatazama nyayo. Zako ziko wapi?"

Nyati akatazama nyuma. Ardhi ngumu, hata alama hakuna! Akaona haya.

"Basi nitakanyaga!"

Akakanyaga kutoka kilimani mpaka korongoni, kwata! gubu! kwata! gubu! Kila gubu, shimo. Ngamia nyuma yake anajikung'uta, cha-cha-cha, mbegu zinadondoka. Bi Digidigi na Tunu nyuma ya Ngamia, na samahani wakubwa, wanaacha samadi.

"Mnafanya nini huko nyuma?"

"Tunapiga muhuri, Mwenyekiti!"

"Pigeni vizuri!"

Mvua ikaja. Too... too... chwaaa! Miaka yote maji yalikuwa yakiteleza na kukimbia na udongo. Safari hii yaliingia nyayoni yakatulia. Siku ya nne asubuhi Bi Digidigi akatoka. Loo! Kila unyayo ulikuwa umeota. Kutoka kilimani mpaka korongoni, kijani, kijani, kijani! Hakuwahi kuona kitu kama kile tangu azaliwe. Akalia. Ile alama nyeusi chini ya jicho lake ndiyo njia ya machozi ya siku ile, haijafutika.

Mara huyo Nyati, mate yanamtoka.

"Kula tu, Mwenyekiti," akasema Bi Digidigi. "Ila nikuulize. Mtu akichukuliwa unyayo wake, hufanywaje?"

"Hulogwa! Mjomba wangu walimchota unyayo, mkia ukakatika."

"Na mtu akiuchukua wake mwenyewe, akautia tumboni?"

Nyati akafunga mdomo. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi mbili.

"Asile mtu!" akanguruma. "Si mimi, si yeyote! Hizo ni nyayo zangu!"

Akalinda. Mvua akalinda, jua akalinda, amekonda, anameza mate. Nyasi zikarefuka, zikazaa, mbegu zikaangukia nje ya nyayo, zikaota huko nako. Za nje hazikuwa na mwenyewe, wakala wote. Nyati naye akala, maskini, akala akilia.

Wageni walipofika wakapigwa na butwaa. Nyati akahutubia tangu asubuhi mpaka jua la utosi, jinsi alivyofikiri peke yake. Wakamshangilia, wakamchagua.

Bi Digidigi hakuisikiliza hotuba. Alikuwa akiita, "Tunu! Tunu!" Haoni hata sikio. Akaita tena, na nyasi zikacheka. Tunu alikuwa palepale mbele yake, amesimama wima, magoti imara, ila nyasi zilikuwa zimempita kimo.

Funzo, watoto: nchi yenu ikigeuka jangwa, msihangaike na mbegu wala samadi. Tafuteni mlafi mmoja mnene, mpeni uenyekiti, kisha mumtishie uchawi.

Ngano!
— Imekwenda!
Imeacha nini?
— Imeacha unyayo!
Basi atakayeula, mimi simo.